UZI: Unameza dawa ya kolesteroli halafu umeandikiwa antibayotiki, hasa ile dozi ya H. pylori? Pitia hapa kabla hujafungua boksi

MfamasiaWaZamu

Wakuu habari za muda huu. Mimi nakaa dirishani natoa dawa, famasi ya mtaani tu hapa Dar, kuna jambo linanikera muda mrefu nikaona niliweke hapa maana huku ndo watu wanasoma.

Mtu anakuja na cheti cha H. pylori, wale bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda. Cheti kina omeprazo, amoksilini na klarithromaisini, siku 14, hakina kosa lolote. Unamfungashia, anataka kuondoka, unamuuliza kuna dawa nyingine unatumia nyumbani? Hapana. Presha je, sukari? Aah hizo natumia, hizo si za kila siku tu. Na ya kolesteroli? Eeh na hiyo pia, kile kidonge cha usiku. Yani mtu anameza vidonge vinne kila siku ya Mungu na bado kwake hiyo sio kutumia dawa. Na daktari aliyemuandikia naye labda alikuwa na foleni ya watu arobaini nje, hakuuliza.

Sasa sikilizeni. Dawa za kolesteroli wengi wenu mnazotumia ni jamii ya statini. Huku kwetu utakutana zaidi na atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini, usiangalie jina kubwa la kampuni, soma yale maandishi madogo chini yake. Simvastatini na atorvastatini zinavunjwa na kimeng'enya kimoja kinaitwa CYP3A4, kipo kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo. Na kinavunja kwelikweli, simvastatini ukimeza ni chini ya asilimia 5 ndo inafika kwenye damu, nyingine yote inakamatwa njiani. Ni km ile mizani ya barabarani pale Vigwaza na malori. Waliopanga umeze miligramu 20 au 40 walipiga hesabu wakijua mizani inafanya kazi. Klarithromaisini ikiingia inafunga mizani, malori yote yanapita.

Matokeo yake, simvastatini kwenye damu inaweza kupanda mpaka mara 10 hivi. Atorvastatini mara 4 na ushee. Umemeza kidonge kilekile, rangi ileile, saa ileile, ila mwili umepokea dozi ambayo hakuna daktari angekuandikia.

Statini ikizidi inaumiza misuli. Inaanza na maumivu mapajani, kwenye mabega, kiuno, pande zote mbili, misuli inauma ukiibonyeza, halafu inakosa nguvu, ngazi zinakuwa ngumu, kuinuka kwenye kochi shughuli. Ikiendelea seli za misuli zinapasuka, vitu vilivyokuwa ndani vinamwagika kwenye damu, kuna protini inaitwa mayoglobini inaenda kuziba figo. Mkojo unakuwa rangi ya Coca-Cola. Ukifika hapo sio suala la kuuliza mtandaoni tena, ni dharura.

Erithromaisini nayo ni hivyohivyo, nafuu kidogo ila iko kundi hilo. Azithromaisini (hizi Azuma mnazojinunulia bila cheti) ni ndugu yao lakini kimeng'enya hiki haikigusi kihivyo. Amoksilini, Ampiclox, doksisaiklini, Flagyl, sefiksimu, sindano za seftriaksoni, hazina ugomvi huu na statini.

Kwa hiyo sisemi muache dawa za kolesteroli na sisemi klarithromaisini mbaya. Nasema hizi mbili zisikutane bila mtu kujua. Kawaida simvastatini inasimamishwa siku zote za dozi, hiyo haina mjadala, hairuhusiwi kabisa kwenda pamoja. Atorvastatini ama inasimamishwa ama inashushwa isizidi miligramu 20, ama unabadilishiwa antibayotiki. Anayeamua ni daktari wako, ila wewe ndo wa kumtajia.

Karibuni maswali, ntajibu nikipata nafasi.

Jongoo2

Mkuu asante kwa uzi. Swali la mjinga, mimi si naweza kumeza hii antibayotiki asubuhi saa moja na usiku, halafu ile ya kolesteroli nikaimeza saa nane mchana, zikapishana? Mbona tunaambiwa dawa za madini na tetrasaiklini tupishanishe masaa

MfamasiaWaZamu

Sio la kijinga mkuu, naulizwa hili mara nyingi kuliko yote.

Haisaidii. Hizo za madini na tetrasaiklini zinagongana tumboni, zinashikana zenyewe kwa zenyewe ndo maana masaa mawili yanasaidia. Hapa hazigusani kabisa. Klarithromaisini inaing'ang'ania CYP3A4 na kukizima, na kilichozimwa hakirudi, mpaka mwili utengeneze kingine kipya. Na wewe unaimeza mara mbili kwa siku, kwa hiyo saa nane mchana hiyo unakuta kimeng'enya hakipo kazini, na saa nne usiku hakipo pia.

Ndo maana hata ukimaliza dozi mimi huwaambia wasikimbilie kurudia kidonge usiku uleule, wasubiri siku mbili tatu.

Juisi ya balungi nayo inazima hichohicho kwenye utumbo. Sio chungwa la kawaida, balungi. Kipande kimoja hakikuui, ila anayetumia simvastatini halafu kila asubuhi anakamua jagi zima huyo anajitafutia.

Mama Tunu

Naomba msaada nimesoma huu uzi moyo unanienda mbio. Mama yangu ana miaka 71, anatumia amlodipini, metformini na atorvastatini miligramu 40. Alipimwa choo wakakuta H. pylori wakampa hiyo dozi hasa unayoisema ipo na klarithromaisini, yuko wiki ya pili sasa. Tangu juzijuzi analalamika mapaja na mabega, sisi tukasema uzee na baridi ya usiku nikawa namchua na mafuta. Leo alfajiri ameshindwa kuinuka kwenye mswala mpaka kaka akamshika mkono. Anasema hana maumivu makali ila miguu haina nguvu. Je ndo hiyo?

MfamasiaWaZamu

Dada usisubiri jibu langu lingine. Mpeleke leo, beba na maboksi YOTE ya dawa kwenye mfuko. Kidonge cha atorvastatini cha usiku wa leo asimeze mpaka ameonwa. Usimchue tena, na usimpe diklofenaki wala dawa yoyote ya maumivu ya jamii hiyo, zinaongezea figo mzigo.

Muulize mkojo ni rangi gani. Ukifika waambie maneno haya, "anatumia atorvastatini 40 na yuko kwenye klarithromaisini, misuli imeishiwa nguvu", waombe kipimo cha CK (kinaonyesha misuli kuharibika), maabara nyingine wanaandika CPK, na kreatinini ya kuangalia figo na potasiamu. Usikubali kurudishwa na panado.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naunga mkono. Na umri wake na sukari vinaongeza hatari. Wengine wa kuwa makini ni wenye figo mbovu, wenye tezi ya shingo iliyopoa, wenye miili midogo na wanaokunywa pombe nyingi.

Kichwa_Ngumu

Mleta mada punguza kutisha watu. Nimefuatilia, huo utafiti mnaoutegemea wote ni wa Ontario kule Kanada, wazee zaidi ya 65 wanaotumia statini, waliopewa klarithromaisini au erithromaisini wakalinganishwa na waliopewa azithromaisini, data za 2003 mpaka 2010, ukachapishwa 2013. Waliolazwa kwa misuli kuharibika waliongezeka mara mbili ndio, lakini ongezeko halisi ni asilimia 0.02. Yaani watu wawili kati ya elfu kumi!! Mtu ana hatari kubwa zaidi kwenye bodaboda kwenda kuchukua hiyo dawa. Sasa kwa hilo mtu aache kidonge cha moyo?

MfamasiaWaZamu

Kichwa Ngumu nakukubali kwa kusoma, wengi hapa wanaandika tu. Lakini umesoma mstari mmoja ukafunga ukurasa.

Utafiti huohuo, waliolazwa figo zimegoma ongezeko ni asilimia 1.26, hiyo ni mtu mmoja kati ya kila 80 hivi. Vifo asilimia 0.25, mmoja kati ya 400. Hao wawili kati ya elfu kumi ni wale tu waliofika hospitali wakalazwa na jina la ugonjwa likaandikwa sawasawa kwenye mafaili. Mama wa watu aliyekaa nyumbani anachuliwa na mafuta ya karafuu hayumo kwenye hesabu hiyo. Na hapo ni Kanada, mwenzetu ana daktari wa familia na kompyuta inayopiga kelele famasi wakichanganya dawa. Mimi kompyuta yangu inajua kuhesabu stoku tu.

Halafu angalia na upande wa pili wa mizani yako ya bodaboda. Kusimamisha statini siku 14 kunakugharimu nini? Mafuta kwenye mishipa yanajijenga kwa miaka. Mtu aliye kwenye statini kwa kujikinga tu wiki mbili hazimbadilishii kitu. Kwa hiyo hatari ndogo, lakini kuiepuka ni bure, nisiwaambie watu kwa nini?

Kichwa_Ngumu

Sawa hapo kwenye bure nimekuelewa. Lakini bado, waliopewa klarithromaisini huenda walikuwa wagonjwa zaidi toka mwanzo, huwezi kusema ni dawa mia kwa mia. Na kuna utafiti wa pili walioufanya baadaye kwa wanaotumia rosuvastatini, pravastatini na fluvastatini, ambazo hazipiti kwa hicho kimeng'enya chako, na bado klarithromaisini ikaonekana na shida za figo kidogo zaidi. Sasa hiyo utaelezaje?

MfamasiaWaZamu

Hoja nzuri na siikatai, sehemu yake inaweza kuwa ni wagonjwa wenyewe. Ila kuna maelezo mengine, ini lina milango ya kuvutia statini ndani, mmoja unaitwa OATP1B1, na klarithromaisini inaubana pia. Rosuvastatini na pravastatini zinapita hapo. Mlango ukibanwa dawa inabaki kwenye damu. Sio kupanda mara 10, kidogo tu. Ndo maana nikiulizwa rosuvastatini na klarithromaisini nasema afadhali sana kuliko simvastatini, sijawahi kusema salama mia.

Lakini kuna watu sitaki wanielewe vibaya hapa. Kama umetoka kupata shambulio la moyo juzi au umewekewa kile kichuma cha kutanua mshipa, wewe SIO wa kusimamisha statini kwa kusoma uzi. Wewe mwambie daktari abadilishe antibayotiki, au akuhamishie statini nyingine kwa muda. Hatari yako iko kwingine kabisa.

Wa Thika Road

Niaje wadau. Huku Kenya si watu hujiendea tu kemisti ya hapo stejini unaambia jamaa kifua inasumbua anakupa kitu. Mimi nimepewa azithromaisini ya siku tatu juu ya kifua na niko kwa atorvastatini 20 tangu mwaka jana. Niwache ama niendelee?

MfamasiaWaZamu

Endelea mkuu. Azithromaisini na atorvastatini kwa watu wengi zinaenda pamoja bila shida. Ukihisi misuli inauma ovyo sema. Azithromaisini ina mambo yake ya mapigo ya moyo, kama una tatizo la mapigo au unatumia dawa za mapigo huyo jamaa wa stejini alitakiwa akuulize. Na kifua kingi ni virusi tu, siku nyingine muulize kwanza kama unahitaji antibayotiki yenyewe.

Asili_Tu

Ndo maana mimi nawaambia kila siku achaneni na makemikali ya wazungu. Mimi nina kolesteroli tangu 2019 natumia kirutubisho cha mchele mwekundu uliochachushwa, asilia kabisa, hakina madhara, hakigombani na dawa yoyote. Anayehitaji aje PM nina stoku mpya.

MfamasiaWaZamu

Hahaha mkuu umejileta mwenyewe.

Huo mchele mwekundu unachachushwa na kuvu, na kuvu hao wanatengeneza kitu kinaitwa monakolini K. Monakolini K ni lovastatini. Sio inafanana, ni molekuli ileile, statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani, 1987. Na lovastatini iko kundi moja na simvastatini, inavunjwa na CYP3A4 hiyohiyo na hairuhusiwi kabisa na klarithromaisini. Yaani mteja wako anayemeza kirutubisho chako akipewa dozi ya H. pylori yuko palepale alipo mama wa Mama Tunu, tofauti ni kwamba yeye hata kwenye boksi haijaandikwa ni miligramu ngapi, na daktari akimuuliza unatumia dawa ya kolesteroli atajibu hapana natumia asili.

Mnaouza hivi vitu waambieni wateja ukweli basi.

Asili_Tu

Lete ushahidi

Mwalimu wa Bayo

Ushahidi upo kwenye kitabu chochote cha famakolojia. Niongezee utamu kidogo maana hadithi yenyewe inanogesha. Statini zenyewe zimetokana na kuvu. Mjapani Akira Endo, akiwa kampuni ya Sankyo miaka ya 1970, alichambua maelfu ya kuvu akitafuta wanaotengeneza kitu cha kuzuia kolesteroli. Alikuwa anawaza kwamba kama penisilini inatoka kwa kuvu anayejilinda dhidi ya bakteria, basi huenda kuna kuvu anayejilinda kwa kuzuia wenzake wasitengeneze kolesteroli na ndugu zake. Akampata kwenye ukungu wa Penicillium citrinum, na unaona mwenyewe jina hilo ni ukoo wa penisilini. Kwa hiyo wazo la statini lenyewe lilitoka kwenye antibayotiki. Endo amefariki 2024.

Kichwa_Ngumu

Hii ndo naipenda jukwaa hili.

Mama Tunu

Wakuu nimerudi. Tulienda, hospitali ya kwanza walitaka kumpa sindano ya maumivu turudi nyumbani, nikasema yale maneno, daktari mmoja kijana akasimama akarudi akasoma boksi. CK imetoka juu sana, sijui wanasema mara ngapi ya kawaida, kreatinini imepanda kidogo. Wamemlaza, wamemsimamishia atorvastatini na hiyo klarithromaisini, ametundikiwa maji na wanapima mkojo kila mara. Mkojo ulikuwa umekolea km chai ya rangi, yeye alikuwa anaona aibu kutuambia. Wanasema figo zinaonekana zitahimili. Nashukuru sana jamani, sina la kusema.

Naomba kuuliza, dozi ya H. pylori imekatika, bakteria si watarudi wakiwa sugu? Na atorvastatini ndo basi tena maisha?

MfamasiaWaZamu

Alhamdulillah. Hizo drip ndo tiba yenyewe, maji mengi kusukuma mayoglobini isikae kwenye figo.

Dozi iliyokatika, ndio kuna hatari ya bakteria kubaki, lakini kwa sasa figo kwanza. Akipona atapimwa tena, choo au ile ya kupuliza pumzi, sio ya damu maana ya damu inaendelea kuonyesha hata bakteria wakishaisha. Wapimwe angalau wiki nne baada ya antibayotiki na akiwa ameacha omeprazo wiki mbili, la sivyo kipimo kinadanganya. Akikutwa bado anao kuna dozi isiyo na klarithromaisini, ya bismathi, tetrasaiklini, Flagyl na omeprazo. Nyingi kumeza, na bismathi haipatikani kila duka, ila haigombani na statini.

Atorvastatini sio basi maisha. Kilichomuumiza ni kukutana kwa dawa mbili, sio kwamba mwili wake unaikataa statini. CK ikirudi kawaida daktari anaweza kumuanzishia tena dozi ndogo au kumpa nyingine. Wengi wakishapita hapo wanaapa hawataki tena, halafu baada ya miaka wanaletwa na kiharusi. Mwambie hivyo taratibu akipata nguvu.

Na waombeni wajaze ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Hata wewe ndugu unaweza kuripoti mwenyewe. Kenya inaenda Bodi ya Famasi na Sumu. Tukinyamaza huku itaonekana haya mambo yanatokea Kanada tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mimi nina la TB. Tuna mgonjwa ana presha na simvastatini 40, kaanza dozi ya TB ya miezi sita. Rifampisini nayo ni antibayotiki, anaingia kundi hili?

MfamasiaWaZamu

Anaingia lakini kwa mlango wa nyuma, kinyume kabisa. Rifampisini haizimi CYP3A4, inaufanya mwili utengeneze nyingi zaidi. Simvastatini inavunjwa mpaka karibu inaisha, atorvastatini vilevile inashuka sana. Hataumia misuli, ila anameza kidonge cha kolesteroli kila usiku na hakifanyi kazi na hakuna anayejua, mpaka mtu apime mafuta kwenye damu.

Kuna kosa moja linafanyika hapo. Daktari anaona kolesteroli imepanda katikati ya dozi ya TB, anapandisha statini. Sawa. Miezi sita inaisha, rifampisini inaachwa, mgonjwa anashangilia kapona, na ndani ya wiki mbili hivi vimeng'enya vinarudi kawaida, sasa ile dozi kubwa ya statini inabaki pale peke yake. Hapo ndo misuli inapoanza. Kwa hiyo andikeni kwenye kadi yake tarehe ya kumaliza TB na tarehe ya kuangalia upya dozi ya statini, hiyo kadi anaipoteza lakini andikeni tu.

Kusimamisha TB ili kulinda statini, hapana, TB kwanza.

Na nijibu hapahapa maana kuna watu wawili wameniandikia PM kuhusu dawa za virusi vya UKIMWI. Anayetumia TLD, yaani ile yenye dolutegraviri, hana ugomvi huu na statini. Wenye shida ni walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, zile zenye ritonavia ndani, lopinavia au atazanavia. Ritonavia inazima CYP3A4 hata kuliko klarithromaisini, simvastatini na lovastatini ni marufuku kabisa, nyingine zinapangwa kwa dozi ndogo. Waambieni kliniki yenu, wanajua. Na dawa za fangasi za kumeza nazo zimo, itrakonazo na ketokonazo hairuhusiwi na simvastatini, flukonazo ya kidonge kimoja cha siku moja sio ya kukosesha usingizi ila ya wiki kadhaa sema kwa daktari.

Jongoo2

Kumbe antibayotiki sio pekee. Na za presha?

MfamasiaWaZamu

Amlodipini na simvastatini, simvastatini isizidi miligramu 20. Toka 2011 Marekani wameandika hivyo na bado kila wiki naona vyeti vya amlodipini 10 na simvastatini 40 vimeandikwa mstari mmoja juu ya mwingine. Sio ya kukimbia hospitali usiku huu, ni ya kuuliza kliniki ijayo. Na dawa ya kolesteroli iliwahi kuondolewa sokoni kabisa kwa misuli hii, serivastatini ya Bayer, Agosti 2001, vifo zaidi ya 50 viliripotiwa, na baadhi ya hao walikuwa wameichanganya na gemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta. Kwa hiyo hili jambo sio hadithi za dirishani kwangu.

Pwani Ughaibuni

Nauliza na mie, niko Uingereza, asili yangu Mombasa. Babangu ana sukari, kidonda cha mguu kimeingia hadi kwa mfupa, hospitali wamempa vidonge vya asidi ya fusidiki na wakamwambia aache simvastatini. Yeye hataki, asema dawa ya moyo haiachwi, anaficha anameza. Hii nayo yahusu?

MfamasiaWaZamu

Yahusu kuliko zote bro. Asidi ya fusidiki ya kumeza au ya mshipani na statini YOYOTE haziendi pamoja, hata rosuvastatini, hata pravastatini. Hii haipiti kwenye hesabu ya kimeng'enya tuliyokuwa tunaongelea na watu wamekufa nayo. Sheria ni statini isimame siku zote za dozi na siku 7 zaidi baada ya kidonge cha mwisho. Dozi za mfupa ni ndefu, kama moyo wake ni wa hatari sana hilo wanalijadili madaktari wake na kumfuatilia kwa karibu, sio yeye kuficha chini ya mto.

Usimwambie "acha dawa ya moyo", hatasikia. Mwambie daktari kasema inapumzishwa na tarehe ya kurudia ni fulani, iandike kwenye kalenda ya ukutani aione. Na hilo la kuwa amekuwa akimeza kwa siri mpigie daktari leo umwambie, wampime CK.

Pwani Ughaibuni

Shukran sana. Na kule kabatini ana tyubu ya krimu ya hiyohiyo asidi ya fusidiki alikuwa ajipaka kwa vidole, niitupe?

MfamasiaWaZamu

Ya kupaka haina neno, inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Angalia tu tarehe ya kuisha.